Printa Imegoma Tena: Soma Dalili Kabla Hujanunua Nyingine

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, tunakaa mtaa mmoja hapa Uyole, Mbeya. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ile baridi ya kutoka nje na blanketi mabegani, alikuja kwangu amekumbatia printa kama mtu anayempeleka mtoto zahanati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya tatu. Wewe unavijua vitu hivi, niambie ninunue ipi isiyosumbua."

Kabla ya kumjibu nilimuuliza mambo matatu. Anachapa karatasi ngapi kwa mwezi? Mwezi mwingine hata moja hachapi, halafu siku ya kikoba anatoa arobaini kwa mpigo. Anaizimaje? Ukutani, kwenye swichi ya soketi, isije ikamaliza umeme wa Luku. Wino ananunua wapi? Popote palipo na nafuu pale Mwanjelwa. Nikamwambia, basi mwalimu, hata ya nne itakufa kwa ugonjwa huu huu.

Kwa hiyo maelezo haya nayaanzia kwenye ugonjwa, dukani tutafika. Anayetafuta printa ya kuaminika ya nyumbani, ile ya kuchapa, kutoa kopi na kuskani kwa pamoja, aanze na ile iliyomsumbua. Ukijua iliugua nini, umeshajua nusu ya unachotakiwa kununua.

Inatoa karatasi nyeupe, au maandishi yana mistari mitupu

Hapa ndipo printa nyingi za wino zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na macho. Kama ni printa ya matangi, ile unayoimiminia wino wa chupa, angalia wino uko wapi. Ukishuka chini ya mstari wa chini, huenda hewa imeshaingia kwenye mirija. Jaza kwanza ndipo uendelee. Kama wino upo, chapa karatasi ya ukaguzi wa matundu ya kichwa, ile sehemu inayotema wino kwenye karatasi. Kwenye kompyuta utaikuta kwenye sehemu ya matengenezo kwa jina la Nozzle Check. Printa nyingi zisizo na kioo zinaitoa pia ukiiwasha huku umeshikilia kitufe fulani, na kitabu chake kinakuonyesha kipi. Itatoka michoro midogo kama ngazi, kila rangi na ngazi yake.

Ngazi zikitoka kamili, kichwa ni kizima. Acha kukisumbua; tatizo liko kwenye faili, kwenye aina ya karatasi uliyochagua, au kwenye draiva, ile programu ya kompyuta inayoongea na printa. Ngazi zikiwa na vidato vilivyokatika, matundu yameziba. Rangi moja ikipotea kabisa na nyingine zikawa safi, shuku hewa kwenye mrija wa rangi hiyo.

Sasa safisha kichwa kwa menyu ya printa yenyewe, kisha chapa ukaguzi tena. Fanya hivyo mara moja, mara mbili, mwisho mara tatu. Bado? Zima kwa kitufe chake, iache. Epson kwenye vitabu vyao vya printa za matangi wanasema usubiri angalau saa 12, na ushauri huo watu wengi wanaudharau. Wanasafisha mara kumi ndani ya saa moja, wino wote unaishia kwenye sponji ya wino taka, na kichwa kiko vile vile. Wino uliokauka unahitaji muda wa kulainika, kama maharage ya kulowekwa. Mimi naiacha usiku kucha, asubuhi najaribu tena, na mara nyingi vidato viwili vitatu vinakuwa vimerudi vyenyewe.

Isipokubali, Epson za matangi zina usafishaji mkubwa, kwenye menyu unaitwa Power Cleaning, unaobadilisha wino wote ulio kwenye mirija. Kabla hujaubonyeza, kila tangi liwe na wino angalau theluthi moja, vinginevyo itavuta hewa na utakuwa umejiongezea ugonjwa. Na ukiufanya leo, usiurudie kabla ya saa 12 nyingine. Canon nao wana wa kwao wa kina. Hizi ni silaha za mwisho, zinakunywa wino kweli kweli.

Lakini kwa nini kiliziba? Rudi kwa mwalimu na swichi yake ya ukutani. Unapozima printa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachokizuia kisikauke. Umeme ukikatwa ghafla, kinabaki pale kilipokuwa. Fungua kifuniko siku umeme umekatika katikati ya kazi, utakiona kimesimama katikati ya reli kama bajaji iliyoishiwa mafuta, matundu wazi, kinapigwa na hewa kavu. Umeme ukirudi, iwashe, kisubiri kirudi kwao, ndipo uzime kwa kitufe. Na hiyo hofu ya Luku iache: printa ndogo ya wino ikiwa imelala inatumia wati chache tu. Tena kila unapoiwasha kutoka kuzimwa kabisa huwa inajisafisha kidogo, na kujisafisha huko ni wino.

Baridi nayo ina neno. Epson nyingi za wino za nyumbani, kwa mfano, zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 10 na 35. Mbeya usiku wa Juni na Julai tunashuka chini ya hapo, na watu wa Njombe na Makete ndio kabisa. Usiilazimishe alfajiri, subiri chumba kipate joto. Ukiitoa stoo yenye baridi ukaiingiza sebuleni kwenye jiko la mkaa, iache saa moja kwanza, maana umande unaingia hata ndani ya mashine. Na isikae karibu na hilo jiko. Majivu na kichwa cha printa havipatani.

Ugonjwa huu unakuambia nini kuhusu kununua? Kama kwa wiki moja huwezi kuchapa hata ukurasa mmoja wenye rangi, wino wa maji si wako. Nunua leza ya nyeusi yenye skana. Tona ni unga mkavu, haina cha kukauka. Utaiacha miezi mitatu uende shamba Mbozi, ukirudi inachapa. Kama nyumba ina wanafunzi na kila wiki kuna picha ya kupaka, ramani au mtihani wa majaribio, chukua ya matangi. Kama unachapa kurasa kumi kwa mwaka, usinunue chochote. Steshenari zipo kila kona.

Jambo moja zaidi. Kwenye printa za katriji, yaani kikasha cha wino cha kuchomoa na kubadilisha, zile za bei ya chini za HP na Canon, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha katriji umebadilisha na kichwa. Kwenye za matangi za Epson kichwa ni cha mashine, na kikifa kabisa bei yake itakufanya ufikirie printa nyingine. Hakuna iliyo bora moja kwa moja hapo. Ya kwanza inakusamehe uzembe halafu inakutoza kwenye wino.

Wino unaisha kabla ya kazi kuisha

Fanya hesabu kwa rimu. Rimu moja ni karatasi 500. Katriji nyeusi ya HP 123, ile ya kawaida, siyo XL yenye wino mwingi, inakadiriwa kutoa kurasa 120 hivi: hata robo ya rimu haifiki. Chupa nyeusi ya Epson 103 yenye mililita 65 inakadiriwa kurasa hadi 4,500, ambazo ni rimu tisa. Tona 725 ya leza ya Canon MF3010 ni kurasa 1,600, rimu tatu na chenji. Makadirio haya ni ya kurasa za maandishi mepesi. Mtoto akichapa bendera ya Taifa ukurasa mzima, hesabu imevunjika. Na chupa za kwanza kabisa za printa ya matangi sehemu yake inakwenda kujaza mirija, kwa hiyo usishtuke zikiisha mapema kuliko zitakazofuata.

Ndiyo maana ile printa ndogo ya katriji inauzwa rahisi hivyo. Anayekuuzia anajua utarudi.

Imetoka Dar kwa basi, sasa inavuja au haichapi

Hili lilinikuta mwenyewe. Niliagiza Kariakoo, nikaomba waijaribu kwanza nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Wakaijaribu kweli: wakajaza matangi manne, wakachapa, wakanitumia picha, wakafunga boksi. Boksi likalala ubavu kwenye buti chini ya mizigo ya watu, likapanda kona za Kitonga, likafika kesho yake. Nilipolipokea stendi, pembe moja ya chini ilikuwa imelowa rangi ya zambarau, na shati langu la kazi likajua hivyo kabla yangu.

Ikikutokea, isimamishe sawa, usiiwashe siku hiyo. Futa wino unaoonekana, fungua kifuniko uone kama umefika kwenye bodi au kwenye soketi ya umeme. Ukiwa umefika huko, hapo ni kwa fundi. Kama ndani ni pakavu, iache itulie, hakikisha matangi hayajashuka, chapa ukaguzi. Kama ni Epson ya zamani kama L210 au L355, tazama pia kile kitasa kidogo cha kufungia wino wakati wa safari. Watu wanalipa fundi kwa printa inayochapa nyeupe kumbe kitasa kimebaki kwenye alama ya safari.

Dawa ni moja: ya matangi inunuliwe ikiwa kavu, boksi halijafunguliwa, wino uwekwe kwako. Ukitaka kujaribiwa mbele ya macho yako, nunua Mbeya au Iringa mjini hata kama bei imezidi kidogo, uibebe mapajani kwenye daladala.

Karatasi haivutwi, zinavutwa mbili, au inasema imekwama na karatasi huioni

Kutovuta kabisa ni vumbi. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza, vumbi letu linaingia hata kwenye sukari. Rola, ile mipira inayokokota karatasi, inapata utelezi na kung'aa. Zima, chomoa waya, chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kilowanishe kidogo kwa maji, futa rola huku ukiizungusha kwa kidole, iache ikauke. Usitumie mafuta ya taa wala petroli, yanaua mpira.

Kuvutwa mbili mbili ni unyevu. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Shangazi yangu wa Tukuyu anaacha rimu wazi juu ya kabati, na kwa wiki moja karatasi zinavimba, pembe zinajikunja, zinagandana kama chapati zilizofunikwa zikiwa moto. Karatasi zibaki kwenye ganda lake, ganda ndani ya mfuko wa plastiki, na kwenye trei weka za kutosha kazi ya siku tu. Kabla ya kuziweka zipepete kwa kidole gumba ziachane. Wilaya ya Mufindi ina kiwanda cha karatasi pale Mgololo, lakini kinajulikana kwa karatasi ya kaki ya mifuko na vifungashio, siyo hii A4 nyeupe ya gramu 80. Hii ya kwetu hufika imeshapita maghala mengi, kwa hiyo rimu yenye ganda lililochanika irudishe kwa muuzaji.

Inayosema imekwama bila karatasi, ina kitu ndani. Printa nyingi za nyumbani hupokea karatasi kwa nyuma, kwa juu, mdomo wazi. Kila kinachowekwa juu ya printa kinaishia humo. Washa tochi ya simu, chungulia. Mimi nilitoa kipini cha nywele, sarafu ya shilingi mia, na punje mbili za mahindi. Za mahindi mpaka leo hakuna aliyekiri. Kitu kikiwa karatasi iliyochanika, vuta polepole kuelekea upande inakokwenda, mikono miwili, usiivute kinyume. Na printa ya matangi usiipindue kichwa chini uikung'ute. Nimeshaona mtu akifanya hivyo.

Kama hakuna kitu na bado inagonga pembeni kwa kelele, au mistari ya maandishi inahama, tazama ule utepe mwembamba wa plastiki angavu uliovutwa kufuata njia ya kichwa. Ndio unaokionyesha kichwa kipo wapi. Ukichafuka kwa wino au grisi, kichwa kinakuwa kipofu. Ufute taratibu kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, usiuvute, ukichomoka kuurudisha ni kazi.

Mwenye watoto au anayekaa karibu na barabara ya vumbi atafute yenye trei ya kufungika chini, kama Brother za mfululizo wa DCP-T. La sivyo ashone kifuniko cha kitenge, kinafanya kazi vizuri tu.

Taa zote zinamweka kwa zamu, inadai sponji imejaa

Kila usafishaji wa kichwa unamwaga wino sehemu fulani, na sehemu hiyo ni sponji iliyo tumboni mwa printa. Mashine inahesabu. Hesabu ikifika mwisho inagoma: kwenye Epson taa zinamweka na kompyuta inakuambia pedi ya wino imefika mwisho, kwenye Canon nyingi utaona msimbo 5B00.

Fundi wa mtaani atakufutia hesabu kwa programu ndani ya dakika tano na mashine itaamka. Muulize kama na sponji ameibadilisha au ameiosha. Kama amefuta hesabu tu, wino utaendelea kumwagika kwenye sponji iliyojaa mpaka siku utakapoukuta mezani. Ukiwa dukani, uliza kama sehemu hiyo unaibadilisha mwenyewe. Kuna Canon mpya za mfululizo wa G zinazotumia kikasha kinachoitwa MC-G02. Unakichomoa, unaweka kingine, umemaliza. Kwa mtu wa Ludewa au Kyela, hilo lina thamani kuliko kasi ya kuchapa.

Katriji haitambuliwi

Kwanza itoe, futa vile vishaba vya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike tiki. Mara nyingi hapo hapo imeisha.

Isipoisha, soma namba. HP wanauza printa ile ile na katriji tofauti kwa kila eneo la dunia. DeskJet 2130 iliyouzwa kwa soko letu inatumia 123, ya Ulaya inatumia 302, ya Marekani inatumia 63. Kwa macho ni ndugu, kwa chipu hawajuani. Ndiyo maana printa aliyokuletea binamu kutoka Uingereza, nzuri na safi, inaweza kukaa bila kazi kwa sababu duka zima la Mwanjelwa lina 123 tu.

Kuna na jambo la kujazia wino katriji iliyoisha. Baadhi ya printa za HP zina programu ndani inayokataa katriji zenye chipu zisizo za HP, na sasisho la mtandaoni linaweza kuikataa leo ile iliyokubalika jana. Modeli zenye herufi e mwishoni, kama DeskJet 2720e, zilikuja na mpango wa HP+. Ukiukubali siku ya kuisajili, itataka intaneti na wino wa HP peke yake. Kama unategemea kujazia, soma kabla ya kubonyeza ndiyo.

Simu haiioni

Zima printa, zima ruta, washa ruta kwanza, subiri dakika mbili, washa printa. Usicheke, nusu ya kesi zinaishia hapo.

Nusu iliyobaki ni masafa. Printa nyingi za bei ya nyumbani, Epson L3250 ikiwemo, zinasikia waifai ya gigahezi 2.4 tu. Ruta mpya zinatangaza na ya 5, na wakati mwingine kwa jina moja. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uzipe majina mawili, printa iunge kwenye ya 2.4. Wanaotumia kimodemu cha mfukoni waangalie pia kama kimezuia vifaa visionane. Kuna kitufe cha hilo kwenye mipangilio. Na ukibadilisha modemu au nywila, printa haitajua mpaka uifundishe upya.

Umeme wa ruta ukikatika, bado kuna Wi-Fi Direct, printa na simu zinaongea zenyewe bila mtu wa kati. Na kama kompyuta yako iko meza hiyo hiyo, waya wa USB hauna masafa wala nywila. Mimi natumia waya.

Inazimika yenyewe, au iliungua siku ya kwanza

Geuza nyuma usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Printa nyingi za wino zinakubali 100 mpaka 240, haziulizi. Leza ni habari nyingine: zina sehemu ya kupasha moto inayoyeyusha tona ishike karatasi, na kwa sababu hiyo hutengenezwa mbalimbali, za 110 na za 220. Leza ya mtumba kutoka Marekani ukiichomeka soketi ya hapa moja kwa moja, moshi utauona kabla ya ukurasa.

Moto huo huo ndio unaoiangusha leza kwenye umeme wa jua. Inapoanza kupasha inaweza kuvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na inveta ndogo au UPS ya kompyuta inalia na kukata. Ya wino inachapa kwa wati kumi na kitu tu. Kijijini kwenye sola, usihangaike na leza.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili kuna radi. Wingu likishuka mlimani, chomoa kwenye soketi, na waya wa mtandao kama upo. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Leza: hafifu, madoa, au tona inafutika kwa kidole

Hafifu kwa mstari wa wima: toa tona, itikise kushoto kulia mara tano, rudisha, utapata kurasa za kumalizia wiki. Doa linalojirudia kwa umbali sawa ukurasa mzima: pima kwa rula. Kwenye leza nyingi ndogo, sentimita 7.5 hivi maana yake dramu, ile silinda inayobandika tona kwenye karatasi, imekwaruzwa. Kama dramu iko ndani ya tona, nunua tona. Brother wanauza dramu na tona kila moja peke yake. Inayofutika kwa kidole haikupata moto wa kutosha: karatasi ni nzito au ina unyevu, au umeichagulia aina isiyo yake. Ikiendelea kwa karatasi kavu ya gramu 80, sehemu ya kupasha imechoka.

Maandishi yanachujika yakiloa

Hapo hakuna kilichoharibika. Wino mweusi wa Epson 103 ni wa rangi iliyoyeyuka, tone la mvua linauchukua. Weusi wa Epson 101 na wa Canon G nyingi ni wa chembe, unashikilia zaidi. Ukichapa barua za kutembea nazo Rungwe, uliza hilo.

Kopi ina mstari mweusi, lakini ukichapa ni safi

Kama mstari unatokea pale tu unapopitisha karatasi kwa juu, kwenye mdomo unaozivuta wenyewe, kuna kioo chembamba kando ya kioo kikubwa, na kina doa dogo la gundi au wino wa kalamu. Futa hicho. Watu wanang'arisha kioo kikubwa wiki nzima.

Sasa dukani

Kabla ya kuangalia printa, ulizia wino. Zunguka maduka matatu, Mwanjelwa, Kabwe, Sokomatola, au kama uko Iringa, Miyomboni na Mashine Tatu, utaje namba ya chupa au tona. Ikikosekana kwa wawili, iache printa hiyo hata kama inaruka angani.

Kwa ya mtumba, omba uikute imezimwa na imepoa. Muuzaji mjanja huwa ameshasafisha kichwa mara tatu kabla hujafika. Iwashe mwenyewe, chapa ukaguzi wa matundu kwanza kabisa, kisha toa kopi ya kitambulisho pande mbili, kisha skani moja iende kwenye simu yako. Omba ile karatasi ya hali inayoonyesha jumla ya kurasa ilizokwishachapa. Halafu ndipo mzungumze bei.

Mwalimu hakununua ya nne. Printa yake ilibaki kwangu siku mbili. Matangi tuliyaongeza yakapita theluthi, tukafanya usafishaji mkubwa mara moja, tukaiacha. Asubuhi ya pili ngazi zilirudi zote isipokuwa kidato kimoja cha njano. Nilibandika karatasi juu ya kitufe chake: ZIMA HAPA. Siku hizi kila Jumamosi anachapa ukurasa mmoja wa rangi hata kama hana kazi nao. Wa wiki iliyopita aliniletea mlangoni: orodha ya wanakikoba, kila jina na rangi yake, na mweka hazina ndiye aliyepewa njano, hafifu kidogo.